Waliopigana na Waliolipwa: Uasi wa Woyane katika Tigray, 1943



Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu majeshi ya Italia yalipouteka mji huo. Njia yake ilifunguliwa na wazalendo wa Ethiopia pamoja na majeshi ya Uingereza, vikiwemo vikosi vya King's African Rifles vilivyokuwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kwa hiyo habari ya Uhabeshi, kama wazee wetu walivyoiita nchi hiyo, ina chembe ya jasho la huku kwetu. Miaka miwili na miezi michache baadaye, Oktoba 1943, ndege za Uingereza zilipaa kutoka Aden zikaangusha mabomu Mekelle, mji mkuu wa jimbo la Tigray. Safari hii waliolengwa hawakuwa Waitaliano. Walikuwa wakulima wa nyanda za juu, raia wa mfalme yuleyule aliyerejeshwa. Uasi wao unajulikana kwa jina la Woyane, na kwa kawaida huwekwa katika orodha ndefu ya maasi ya vijijini yaliyoshindwa. Nikipima kwa kuuliza nani alibaki na mji, sina ubishi na orodha hiyo. Ila nitadai jioni hii kwamba uasi ule ulizaa matunda, na matunda hayo yakachumwa na watu ambao hawakupanda. Wenye nasaba na vyeo walipata walichokuwa wakikitaka kwa miaka mingi; waliobeba bunduki walipokonywa ardhi. Kisa cha jambo hilo hakiko katika urefu wa milima wala uchache wa risasi. Kiko katika namna dola ya kifalme ilivyokuwa imezoea kusikia sauti za aina moja tu.

Tuanze na ardhi, maana bila kuielewa tutadhani ugomvi ulikuwa wa fedha peke yake. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia mkulima hakuwa mpangaji. Alikuwa na haki iitwayo rist, yaani haki ya kudai fungu la ardhi kwa kuwa yeye ni mzao wa mtu aliyeishika mwanzo, na nasaba hiyo iliweza kuhesabiwa kwa mama kama ilivyohesabiwa kwa baba. Juu ya haki hiyo ilikaa nyingine, gult, ambayo haikugusa udongo: mfalme alimpa mkuu wa vita, mtawala au monasteri mamlaka ya kupokea ushuru na huduma za watu wa eneo fulani. Mkulima alimlisha mwenye gult, akamjengea, akambebea mizigo, na bado akabaki na shamba lake. Mzigo ulikuwa mzito, lakini ulikuwa na mpaka unaojulikana, na aliyeuvuka mpaka huo alijua kwamba watu wake wana silaha nyumbani. Kusini mwa nchi mambo yalikuwa mengine kabisa. Huko, baada ya mfalme Menelik kupanua dola mwishoni mwa karne ya 19, ardhi ilipimwa kwa kamba, ikagawiwa kwa askari na maofisa, na wenyeji wengi wakageuka wapangaji katika mashamba ya babu zao. Ndiyo maana kila serikali ilipotaja vipimo vipya na madaftari mapya, mkulima wa kaskazini alisikia zaidi ya kodi. Alisikia kamba ya kupimia. Mtu wa mjini ataona hofu hiyo ni ushamba. Mimi naiona kuwa ni usomaji makini wa historia ya nchi yake mwenyewe.

Haile Selassie aliporudi alikuwa na nia ya kujenga serikali inayoongozwa kutoka mahali pamoja. Amri ya mwaka 1942 kuhusu utawala wa majimbo iliwafanya magavana kuwa watumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wenye mishahara badala ya haki ya kula kwa raia, na kodi ikatakiwa kwenda hazina kuu kwa fedha taslimu. Kwenye karatasi hili lilikuwa jambo la kheri. Lakini mshahara ulioandikwa na mshahara uliofika mkononi ni vitu viwili, hasa katika nchi iliyotoka vitani, na ofisa asiyelipwa hupata njia ya kujilipa. Kwa hiyo mkulima wa Tigray alijikuta na watoza kodi wapya, wengi wakiwa wageni waliotoka upande wa Shewa, jimbo la Addis Ababa, waliodai stakabadhi za serikali na wakati huohuo wakala kama zamani. Mambo mawili yaliyotakiwa kupishana yakapandana. Zaidi ya hapo, Tigray ilikuwa nchi iliyochoka kwa vita: Adwa, ambako Waitaliano walishindwa Machi 1896, iko Tigray, uvamizi wa Oktoba 1935 ulianzia Tigray, na jeshi lolote lipitalo, liwe la adui au la mfalme, hula kutoka ghala lilelile. Vita hivyohivyo viliacha kitu kingine nyuma yake, nacho ni bunduki, nyingi na za bei nafuu.

Upande wa juu wa jamii kulikuwa na donge la aina yake. Mfalme Yohannes IV, aliyefariki Machi 1889 kutokana na vita vya Metemma, alitoka Tigray, na baada yake taji lilihamia Shewa kwa Menelik. Wazao wa Yohannes hawakusahau. Mmoja wao, Dejazmach Haile Selassie Gugsa, ambaye alikuwa amemwoa binti wa mfalme Haile Selassie, aliwaendea Waitaliano mara tu vita vilipoanza mwaka 1935. Mwingine, Ras Seyoum Mengesha, mjukuu wa Yohannes, alipigana, kisha akajisalimisha, kisha akarudi upande wa washindi mwaka 1941. Mfalme hakumwamini, akamweka Addis Ababa, karibu na macho yake. Kumbukeni jina hili, maana tutarudi kwake.

Sasa, ni nani hasa walioasi? Kitovu cha mapambano kilikuwa kusini na mashariki mwa Tigray: Enderta, Wejerat, na nchi ya Raya na Azebo kwenye ukingo ambapo nyanda za juu zinateremka kuelekea Bonde la Ufa. Raya na Azebo walikuwa na historia ndefu ya kutotaka kuhesabiwa. Waliasi mwaka 1928 hadi 1930, na mwaka 1936, baada ya jeshi la mfalme kushindwa na Waitaliano huko Maychew, baadhi yao walilishambulia lilipokuwa likirudi nyuma. Watu wa Wejerat walikuwa na mabaraza yao ya kijamii, gereb, ambamo mambo ya amani, malipizi na ulinzi yaliamuliwa kwa mashauriano, na ambamo cheo kilichotoka mbali hakikuwa na uzito mkubwa. Aliyeibuka kuwa kiongozi, Blatta Haile Mariam Redda wa Enderta, hakuwa mtu wa nasaba ya kifalme. Alikuwa shifta, yaani mtu aliyekwenda porini kwa kugombana na wenye mamlaka, njia ambayo katika nyanda za juu ilikuwa na heshima yake: mtu angeweza kuwa shifta leo na mtawala kesho, kama alivyofanya hata mfalme Tewodros katika karne ya 19. Alichofanya Haile Mariam ni kuyaunganisha malalamiko ya mabonde mbalimbali, kila moja likiwa na ugomvi wake na ofisa wake, yakawa jambo moja.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Kuanzia Mei 1943 mamlaka ya serikali ilimomonyoka wilaya baada ya wilaya. Septemba waasi walishambulia Quiha, kituo kilichokaa juu ya barabara kuu ya Asmara iliyojengwa na Waitaliano, wakachukua ngome na silaha zake, na Mekelle nayo ikaangukia mikononi mwao. Kisha wakafanya jambo ambalo wapiganaji wa msituni hujutia kila mara: wakakaza macho mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa Amba Alagi, mlima unaofunga njia ya kutoka kusini. Ni mlima wenye kumbukumbu nyingi kupita kiasi; hapo Waethiopia waliwapiga Waitaliano Desemba 1895, na hapo mkuu wa majeshi ya Italia, Duke wa Aosta, alisalimu amri Mei 1941. Mwaka 1943 Ras Abebe Aregai, waziri wa vita na shujaa wa mapambano ya miaka ya uvamizi, alipandisha jeshi la serikali pamoja na maofisa washauri wa Kiingereza, na mapigano ya mlimani yakaendelea kwa wiki kadhaa. Jeshi la wakulima halina ghala nyuma yake. Kila mtu hupigana na chakula alichotoka nacho nyumbani, na kila siku ya kungoja humla yeye kabla ya kumla adui. Serikali kwa upande wake iliweza kuomba msaada. Ndege kutoka Aden ziliipiga Mekelle mapema Oktoba, zikaua na watu waliokuwa sokoni, na tarehe 14 Oktoba majeshi ya mfalme yakaingia mjini.

Yaliyofuata ndiyo ushahidi wangu mkuu. Adhabu iliwashukia waliopigana. Jamii zilizoasi zilitozwa faini, na katika Raya, Azebo na Wejerat ardhi ilitwaliwa na kupewa watu waliokuwa upande wa serikali. Yale ambayo mkulima wa kaskazini aliyahofu, kwamba siku moja atageuzwa mpangaji kama mtu wa kusini, yaliwapata hasa wale waliosimama kuyazuia. Haile Mariam alihamishiwa mbali, kusini mwa dola, akakaa huko miaka mingi. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Sheria ya kodi ya ardhi ya mwaka 1944, iliyoweka viwango vipya kulingana na ukubwa na rutuba ya shamba, iliziacha Tigray, Gojjam na Begemder nje ya utaratibu huo. Majimbo hayo yakaendelea kulipa ushuru wa jumla kwa kipimo cha zamani. Mwaka 1947 Ras Seyoum alirejeshwa Tigray kuwa gavana. Mashauri ya koo kubwa yakarudi mikononi mwa koo kubwa. Methali yetu ya tembo na nyasi haifai hapa, maana safari hii nyasi ndizo zilizopigana, na vumbi lilipotulia tembo wakaja kula.

Kwa nini ikawa hivyo? Jibu rahisi ni kwamba mfalme alitaka kugawanya watu ili awatawale. Nadhani ni rahisi mno. Ninavyoona mimi, dola ile ilikuwa na lugha kamili ya kuzungumza na makabaila: cheo, ndoa, ardhi ya gult, kifungo cha heshima mjini Addis Ababa, kusamehewa hadharani. Kabaila akinung'unika, kila mtu ikulu alijua ananung'unikia nini na dawa yake ni ipi. Kwa baraza la wazee wa Wejerat hapakuwa na lugha ya namna hiyo. Hapakuwa na ofisi ya kupokea madai yake, wala cheo cha kumpa mtu aliyesema kwa niaba ya bonde zima kisha akarudi kulima. Kwa hiyo ghasia za wakulima zilipofika ikulu zilitafsiriwa mara moja katika lugha iliyokuwapo: zikawa dalili kwamba nyumba ya Yohannes haijaridhishwa. Tafsiri ikiwa hiyo, dawa nayo ikawa kuiridhisha nyumba ya Yohannes.

Wapo watakaosema tafsiri hiyo ilikuwa sahihi, kwamba uasi ulichochewa na wakuu wenyewe. Wanayo hoja. Baadhi ya wakuu wa Tigray walishiriki, na wengine walichelewa kwa makusudi kuchagua upande. Hata hivyo mkuu mwenyewe aliyefaidika, Seyoum, alikuwa Addis Ababa wakati watu wanapigana Amba Alagi, na hakuna mkuu wa daraja lake aliyeongoza vikosi. Uongozi ulikuwa wa shifta. Zaidi ya hayo, vita vilianzia na kukolea penye mabaraza ya wazee yenye nguvu, katika Wejerat na Raya, na sehemu za Tigray ambako koo kubwa zilikuwa na mizizi mirefu, kama Adwa, hazikuwa kitovu. Kama makabaila ndio waliokuwa injini, ingekuwa kinyume.

Pingamizi jingine husema mkono wa nje ulikuwamo. Mwaka 1943 Eritrea ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza, na baadhi ya maofisa wa Kiingereza huko walilipenda wazo la kuziunganisha nyanda za juu za Eritrea na Tigray. Watu wa mfalme walikuwa na haki ya kulitilia shaka. Lakini serikali ya Uingereza ndiyo iliyotoa ndege, na ni vigumu kumshtaki mtu kwa kuwasha moto aliomwaga maji yake mwenyewe kuuzima. Wazo la ofisa mmoja mezani Asmara halimfanyi mkulima aache shamba msimu wa mvua. Kuhusu Waitaliano, walikuwa wamekwisha kushindwa. Walichochangia ni barabara na bunduki walizoziacha.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi siku hizi. Chama cha ukombozi kilichoanzishwa Tigray Februari 1975, kilichoingia Addis Ababa Mei 1991, kilijiita Woyane ya pili, na tangu hapo ile ya 1943 imesomwa kama mwanzo wa utaifa wa Kitigray. Sioni ushahidi wa kutosha kuunga mkono usomaji huo. Matangazo ya waasi yalishika bendera ya Ethiopia na kumkumbuka Yohannes, mfalme wa Ethiopia nzima. Walichokataa ni maofisa waliopelekwa kwao, na walitaka kuongozwa na watu waliowachagua wenyewe. Tena wapiganaji wa Raya na Azebo walikuwa mchanganyiko wa Wakristo na Waislamu, wasemaji wa Kitigrinya na wa Kioromo. Mtu anayetafuta taifa moja lenye lugha moja na dini moja hatalipata Amba Alagi. Kizazi cha 1975 kilikuwa na haki ya kuchagua babu zake wa kisiasa, kama vizazi vyote vinavyofanya. Mwanahistoria hana haki ya kuwavisha mababu nguo za wajukuu.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulijibu kikamilifu, nalo ni hili: je, mkulima wa kawaida wa Tigray hakunufaika pia? Ushuru ulipobaki wa jumla, kamba ya kupimia haikufika kwake, na rist yake ikasalimika hadi mapinduzi ya 1974. Nakubali. Kwa mtu wa Enderta ambaye shamba lake halikutwaliwa, hilo halikuwa jambo dogo. Ila ushuru wa jumla hugawanywa na mtu fulani kijiji kwa kijiji, na mtu huyo alikuwa tena mkuu wa kienyeji, mwenye nafasi ya kumpunguzia rafiki na kumwongezea asiye na wa kumtetea. Kinga ile ilimfikia mkulima kupitia mkono uleule ambao ulikuwa na uwezo wa kuiondoa. Na kwa watu wa Raya na Wejerat, ambao ndio waliovuja damu nyingi zaidi, hata kinga hiyo ya mkono wa pili haikuwafikia.

Mtu angeweza pia kunitajia Gojjam. Mwaka 1968 wakulima wa huko waliikataa kodi mpya ya mapato ya kilimo iliyopitishwa mwaka 1967. Nao walipigwa kwa ndege, lakini mwishowe mfalme alimwondoa gavana na kuyasamehe madeni ya kodi. Hapo wakulima wenyewe ndio waliofaidi, bila kupitia kwa kabaila. Ni kweli, na nadhani ikulu ilikuwa imejifunza kitu katika miaka 25. Ilijifunza kurudi nyuma. Kujifunza kurudi nyuma kulitosha kuzima moto wa msimu mmoja. Chombo cha kudumu cha wakulima kusikilizwa hakikuundwa Gojjam, kama ambavyo hakikuundwa Tigray, na bunge la wakati huo lilijaa wenye ardhi.

Turudi kwa watu watatu wa kisa chetu. Desemba 1960 wakuu wa kikosi cha walinzi wa mfalme walijaribu kuipindua serikali, na jaribio lilipofeli waliwapiga risasi mateka waliokuwa wamewafungia ikulu. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwamo Ras Abebe Aregai, aliyeiteka Mekelle upya mwaka 1943, pamoja na Ras Seyoum Mengesha, aliyerudishiwa Tigray kwa sababu ya vita hivyo. Wawili hao walikuwa wamekaa katika chumba kimoja, wageni wa ikulu moja. Utawala wa Tigray ulipita kwa Mengesha, mwana wa Seyoum, aliyekuwa amemwoa mjukuu wa mfalme, naye akaushika hadi 1974. Katika miaka hiyo yote Blatta Haile Mariam Redda alikuwa bado uhamishoni kusini, na aliachiwa huru baada ya mfalme mwenyewe kuondolewa madarakani.